Mafahali katika Zizi Moja

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, hadithi za picha za Marekani zimewakusanya mashujaa wengi na kuwapa dunia moja ya kuilinda. Yatupasa tujiulize: makundi hayo huishije pamoja, na ujirani wao una maana gani?

Kundi la kwanza, Justice Society of America, lilitokea mwaka 1940. Mwaka 1960 kampuni ya DC ilileta Justice League of America, lenye Superman, Batman na Wonder Woman. Hawa ni kama wazee wa baraza: kila mmoja ana mji wake na sifa zake, nao hukutana hatari inapozidi nguvu za mmoja. Ili kundi la zamani na jipya yasigongane, watunzi waliyaweka katika dunia mbili tofauti, na mwaka 1963 wakayakutanisha. Ugomvi uliepukwa kwa kila fahali kupewa zizi lake.

Kampuni ya Marvel ilishika njia nyingine. Fantastic Four, kundi lililobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1961, ni jamaa wanaopendana na kugombana, na mmoja wao, Ben Grimm, huionea uchungu sura yake ya mawe. Mwaka 1963 walifuata Avengers na X-Men. Makundi hayo yote matatu ni majirani, ama jijini New York ama karibu nalo. Lakini umma unaowashangilia Fantastic Four, waliopata nguvu kwa mionzi ya angani, huwachukia X-Men kwa kuwa wao wamezaliwa nazo. Mwaka 1965 Quicksilver na Scarlet Witch, waliozaliwa vivyo hivyo, walipokewa katika Avengers. Mwaka huohuo, katika hadithi za X-Men, yakaundwa maroboti ya kuwawinda watu wa asili yao.

Wako wanaouona mgongano huu kuwa kasoro ya mantiki. Sisi twauona kuwa ndio kiini cha maudhui. Lau X-Men wangeishi peke yao, tungedhani kwamba watu wanaogopa nguvu. Jirani zao wanapopigiwa makofi, twatambua kuwa kinachochukiwa ni asili ya mtu. Kasoro tunayoiona sisi ni ukimya wa jirani. Kwa kuwa kila kundi huuzwa katika gazeti lake, aghalabu Avengers huiokoa dunia nzima bila kumtetea anayeonewa mtaa wa pili.

Kwa hiyo, mwalimu asiridhike wanafunzi wanapobishana ni kundi gani lingelishinda jingine. Awaulize ni nani anayeitwa shujaa, ni nani anayeitwa hatari, na ni nani mwenye kutoa majina hayo.