Kesho Yake Wanakula Nini?

Lazima umeiona ile klipu. Jane Goodall alipofariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, ilirudi na kuzunguka tena kwenye simu zetu. Kreti inafunguliwa msituni. Sokwe wa kike anayeitwa Wounda anatoka, anaangalia huku na huku, kisha anamgeukia yule mama mzee na kumkumbatia. Anamshikilia kwa muda. Halafu anamwachilia, anaingia zake msituni, na klipu inaisha. Wewe unapangusa macho, unamtumia rafiki yako, naye anakujibu kwa emoji ya kulia.

Ilirekodiwa mwaka 2013 huko Congo-Brazzaville. Wounda alikuwa ametoka kituo cha Tchimpounga, akapelekwa kisiwa cha Tchindzoulou kwenye mto Kouilou. Ni klipu nzuri, na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Malalamiko yangu ni mawili: inamwangalia nani, na inaishia wapi.

Inamwangalia Goodall, kwa sababu Goodall ni nyota. Lakini Goodall na Wounda walikuwa hawajuani. Aliyekuwa amemhangaikia Wounda alipokuwa mahututi ni daktari wa wanyama, Rebeca Atencia, pamoja na wafanyakazi wa kituo. Walimwekea damu ya sokwe mwingine. Walimlisha, wakamsafishia kizimba, wakamfuatilia mpaka akapata nguvu. Kazi hiyo haina tukio moja la kukumbatiana ambalo kamera inaweza kulishika. Ni siku nyingi zinazofanana, na ndiyo maana hatuioni.

Na inaishia getini mwa msitu, kana kwamba msitu ni mwisho wa stori. Ukweli ni kwamba kesho yake kuna mashua. Sokwe wa visiwa vile huendelea kupelekewa chakula na kuangaliwa kama wako salama. Wamewekwa kisiwani kwa sababu rahisi tu: sokwe hawajui kuogelea, kwa hiyo maji yanafanya kazi ya ukuta. Hiyo haimaanishi ni jela. Inamaanisha neno "huru" tunalolibandika pale chini ya video linahitaji kuelezwa kidogo.

Stori ya uokoaji ina sehemu tatu, na ukishazijua utaziona kila mahali: kizimba, mkono wa mwokozi, halafu kijani kibichi. Hata sisi hapa Kenya tunayo yetu. Ukienda Sweetwaters, makao ya sokwe yaliyo ndani ya Ol Pejeta kule Laikipia, stori utakayotoka nayo ni ya Poco. Kule Bujumbura, Poco alifungiwa miaka tisa kwenye kizimba kilichoning'inizwa juu ya gereji ili kuvutia wateja. Kizimba kilikuwa chembamba kiasi kwamba hakuweza kutembea kwa miguu na mikono kama sokwe wengine. Akazoea kusimama. Hata baada ya kufunguliwa aliendelea kutembea wima, na wageni wakawa wanapiga picha wakisema, wee, huyu ni kama mtu.

Hapo ndipo ninapopata shida na namna tunavyosimulia. Kilema alichopewa na kizimba kimegeuka kuwa burudani ya mgeni. Tunaona ubinadamu mahali ambapo tunapaswa kuona jeraha.

Sasa weka Poco kando uulize siku ya kawaida pale Sweetwaters ikoje. Asubuhi watunzaji wanafungua milango ya vyumba vya kulala na kuhesabu vichwa. Chakula kinagawanywa, matunda na mboga, na ugomvi unaanza, kwa sababu sokwe wana vyeo na mwenye cheo anataka fungu la kwanza. Makundi ni mawili, moja kila upande wa mto Ewaso Nyiro, na hayachanganywi. Mchana ni wa kupanda miti, kuchambuana manyoya, kununiana na kupatana. Kuna fensi yenye stima. Sokwe wa kike wanawekewa dawa za kupanga uzazi, kwa sababu kila mtoto anayezaliwa pale atahitaji nafasi na chakula kwa miaka hamsini hivi. Jioni wanaitwa, wanakula, wanaingia ndani kulala. Sokwe wa msituni hujijengea kitanda kipya cha matawi karibu kila usiku. Hawa wana chumba, na mtu anafunga mlango.

Na hawana pa kurudishwa. Kenya haina sokwe wa porini, haijawa nchi yao. Makao haya yalianza mwaka 1993, vita vilipozuka Burundi na kituo cha Taasisi ya Jane Goodall kule Bujumbura hakikuwa salama tena. Yaani ni wakimbizi, kama binadamu wengi waliokuja hapa kutoka upande huohuo kwa sababu hiyohiyo. Baadaye wakaongezeka wengine. Mwaka 2005 kreti yenye watoto sita wa sokwe ilikamatwa uwanja wa ndege wa JKIA. Mmoja alikufa, waliobaki wakapelekwa Sweetwaters. Tukio la uwanja wa ndege lilikuwa habari. Maisha yao ya miaka yote iliyofuata hayajawahi kuwa habari.

Wahenga walishasema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Stori za uokoaji zinapenda mimba tu.

Mbona nalikazania hili, na ni nyani tu? Kwanza, sokwe si nyani. Pili, naijua hii stori kutoka upande wa ndani. Nikiwa sekondari kuna wafadhili walionilipia karo, na picha yangu nikiwa na sare mpya ikachapishwa kwenye kalenda yao, kabla na baada. "Baada" yangu ilikuwa nzuri sana, nimenyoosha tai na yote. Mwaka wa pili wa chuo hela ziliisha, nikatoka. Hakuna aliyekuja kupiga picha hiyo, na sidhani ingetoshea kwenye kalenda. Siwalaumu kwa kunilipia, nashukuru mpaka leo. Nalaumu muundo wa stori, kwa sababu stori inayokoma kwenye "baada" inamfundisha anayetoa kwamba kazi imeisha. Na sisi vijana wa mtaa tumeshapigwa "baada" nyingi: barabara ikifunguliwa, choo kikizinduliwa, msanii akisainiwa.

Kuna kazi moja iliyojaribu kwenda mbali zaidi. Project Nim, filamu ya James Marsh ya mwaka 2011, inamfuata sokwe Nim, aliyechukuliwa kwa mama yake mwaka 1973 akiwa mchanga ili alelewe kama mtoto wa watu New York na kufundishwa lugha ya ishara. Utafiti ukaisha. Akarudishwa Oklahoma, akauzwa kwa maabara ya dawa, na mwishowe akanunuliwa na shamba la kuhifadhi wanyama huko Texas. Filamu ya kawaida ingekata hapo, muziki juu, majina ya waigizaji. Marsh hakati. Anakuonyesha Nim akiwa salama, analishwa, na hana sokwe mwenzake hata mmoja. Unakaa na huo upweke mpaka unakuudhi. Baadaye analetewa wenzake, na furaha ile inakuwa na uzito kwa sababu umeisubiri pamoja naye. Nim alikufa mwaka 2000. Lawama yangu kwa filamu ni kwamba inawapenda mno wanadamu waliogombana juu yake, mpaka kuna sehemu Nim anakuwa kama mgeni kwenye maisha yake mwenyewe. Lakini angalau ilijua kwamba kuokolewa ni mwanzo wa sura.

Najua mtu ataniambia klipu ya Wounda imeleta pesa, na pesa ndiyo ndizi. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Sokwe wa kituoni anaweza kuishi miongo mingi. Chozi la dakika tatu linalipa wiki ngapi? Mchangiaji aliyeambiwa ukweli, kwamba huyu atakula kila siku mpaka utakapozeeka wewe, ndiye atakayebaki.

Kama una kamera na unatafuta wazo, nenda Ngamba, kisiwa cha Uganda ndani ya Ziwa Victoria, ambako sokwe yatima wamekuwa wakitunzwa tangu 1998. Msitu wa kisiwa ni mdogo, hautoshi kuwashibisha wote, kwa hiyo lazima waletewe chakula mara kadhaa kwa siku. Jua likishuka wanatoka mitini kurudi nyumbani, na kuna uji. Rekodi hiyo: mtunzaji anayejua nani anapora fungu la mwenzake, nani leo hana hamu ya kula, nani amegoma kuingia. Usiweke muziki. Halafu rudi kesho yake jioni, urekodi tena.