Salio Halikuwa Hasi

Sacco yenyewe sitaitaja. Ina kaunta Thika na wakala Ruiru. Mwanachama mwenye shilingi 1,000 alitoa 700 kaunta, na dakika hiyohiyo mkewe akatoa 700 kwa wakala. Zote mbili zikapita, na salio likasomeka 300. Kasoro ilijitokeza jioni, fedha taslimu zilipolinganishwa na daftari. Kijana anayetunza programu yao aliirudia hali hiyo kwenye kompyuta yake siku tatu mfululizo, na kila mara mtoaji wa pili alikataliwa, kama inavyotakiwa.

Tulikutana Juja, katikati ya njia. Nilimwambia aache kurudia. Kila utoaji una hatua mbili: kusoma salio, kisha kuandika jipya. Hatua za watoaji wawili zinaweza kupangana kwa namna 6, na katika 4 kati ya hizo wote wawili husoma 1,000 kabla yeyote hajaandika. Watoaji wakiwa 5, mipangilio ni 113,400. Kompyuta ya mezani isiyo na msongamano huelekea kupita njia zilezile chache.

Basi tukakiandika kipande hicho tu kwa TLA+, lugha ya Leslie Lamport, tukakipitisha kwenye TLC, chombo kinachotembelea kila hali inayofikika badala ya kubahatisha. Wahandisi wa Amazon waliitumia kuanzia 2011, na kwenye DynamoDB ilifichua kasoro ambayo njia fupi zaidi ya kuifikia ilikuwa na hatua 35. Yetu ilihitaji 4.

Ila haikuonekana mara ya kwanza, na kosa lilikuwa langu. Niliandika kwa PlusCal, umbo la TLA+ linalokaribiana na lugha za kawaida za programu. Humo, kila kilicho chini ya lebo moja ni tendo moja lisilogawanyika. Mimi nilikuwa nimeweka kusoma na kuandika chini ya lebo moja, yaani nimeifuta kasoro kabla ya kuitafuta. TLC ikajibu kwamba hakuna tatizo.

Nikazitenganisha. Hakuna tatizo tena! Sharti nililoipa lilisema salio lisishuke chini ya sifuri, na 300 si hasi. Sharti lililofaa ni lile ambalo mhasibu yeyote angenitajia bila kufikiri: salio ukijumlisha na fedha zilizotoka, jibu liwe 1,000 wakati wote. Kwenye faili ya mipangilio ni mstari mmoja tu chini ya INVARIANT. Mara jibu likaja: Thika inasoma 1,000, Ruiru inasoma 1,000, Thika inaandika 300, Ruiru inaandika 300. Jumla, 1,700.

Kufuli kwa kila akaunti liliziba tundu hilo. Tulipoongeza uhamishaji kati ya akaunti mbili, likafunguka lingine: mmoja ameshika ya kwanza akingoja ya pili, mwenzake kinyume, kama matatu mbili zilizokutana pua kwa pua kwenye mlango wa steji. TLC hukagua mkwamo bila kuombwa. Lakini modeli iliyomaliza kazi yake kihalali nayo inaweza kuhesabiwa imekwama, na wengi wakichoshwa na kelele hizo huzima ukaguzi wote. (Amri ya kuuzima ni -deadlock, ungedhani ndiyo ya kuuwasha.) Afadhali hali ya mwisho iruhusiwe kujirudia, PlusCal huongeza hatua hiyo yenyewe. Mkwamo wa kweli tuliutibu kwa kufunga kwanza akaunti yenye namba ndogo, kisha tukajaribu watoaji 3.

Kwenye programu halisi, utoaji sasa ni amri moja: hifadhidata yenyewe ipunguze 700, iwapo salio linatosha. Mwanachama atarudisha 400 kwa awamu mbili. Zile 300 za daftarini zimefutwa.