Boti ya Torcello

Harold Pinter alipoandika Betrayal, tamthilia iliyoonyeshwa kwanza Novemba 1978 katika National Theatre, London, aliitoa siri yake mapema. Tunaanzia 1977: Emma na Jerry wamekaa baa, mapenzi yao ya wizi yamekwisha zamani. Kutoka hapo hadithi inarudi nyuma mpaka 1968, usiku yalipoanza. Fumanizi tunalijua kabla ya kosa. Sasa mwandishi atatushika kwa kitu gani?

Kwa vitu vidogo sana, na ninachokistaajabia kuliko vyote ni boti.

Robert, mume wa Emma, ni mchapishaji wa vitabu. Jerry ni wakala wa waandishi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ndiye aliyemsimamia harusini. Kiangazi cha 1973 mume na mke wako Venice, na kesho yake wamepanga kwenda kisiwa cha Torcello. Robert anataja, kama anayepitisha muda tu, barua ya mkewe iliyokuwa ikisubiri ofisi za American Express, mwandiko wa Jerry ameutambua. Hagombi. Anazungukazunguka, anauliza hili na lile, hadi Emma anakiri mwenyewe.

Baada ya hapo Pinter anauvunja mwendo wake wa kurudi nyuma: sehemu mbili zinazofuata zinakwenda mbele. Emma amerudi London, yuko na Jerry kwenye nyumba waliyoipanga kwa siri, na kitambaa cha meza kutoka Venice. Mlifika Torcello? Hapana, boti ziligoma. Kwamba mumewe amekwisha kujua, hasemi. Nasi uongo ule wa mgomo tunaupokea bila kuupa uzito. Ni kitu gani mbele ya ndoa iliyopasuka?

Kisha Robert na Jerry wanakutana mgahawani kwa chakula cha mchana. Robert anakunywa kupita kiasi na kuzishambulia riwaya, bidhaa inayomlisha. Katikati ya maneno anadokeza kwamba alikwenda Torcello alfajiri, peke yake, kwa boti ya mwendo kasi. Jerry anashtuka. Neno limeshamtoka nusu, ndipo anajikamata, kwani habari za mgomo angezipata wapi kama si kwa Emma? Anababaisha. Robert anamwacha ababaishe.

Mwandishi mwingine angempa Robert meza ya kupindua. Huyu amempa boti, na humo umepakiwa uongo wa watu watatu: wa Emma kwa Jerry, wa Jerry kwa Robert, na kimya cha Robert, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote. Jerry ataishi miaka minne akidhani yeye ndiye anayeficha. Tena mzigo huo haupakuliwi jukwaani. Asiyekumbuka mgomo ataona watu wawili wanakula tu, na Pinter alikubali kumpoteza mtazamaji huyo.

Yeye mwenyewe katika miaka ya 1960 alikuwa na uhusiano wa siri na mtangazaji Joan Bakewell, ambaye mumewe aliujua muda mrefu bila Pinter kufahamu kwamba anajulikana. Kwa hiyo katika mgahawa ule kiti chake ni cha Jerry. Alipokaa kuandika, akili na maneno yenye makali alimgawia aliyeketi upande wa pili.