Hodi na Katizo: Tahakiki ya Sura ya Kumi ya Linux Device Drivers

Toleo la tatu la Linux Device Drivers, kazi ya Jonathan Corbet, Alessandro Rubini na Greg Kroah-Hartman iliyochapishwa mwaka 2005, ni kitabu cha ufundi. Hata hivyo, sura yake ya kumi ina suala la lugha linalomhusu kila mtunga istilahi za Kiswahili. Sura hiyo yaeleza jinsi kiendeshi, yaani programu inayosimamia kifaa ndani ya mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, kinavyopokea ishara ya kifaa chenye haja.

Mfano wao umechaguliwa vizuri. Waya mmoja waunganisha pini ya 9 na ya 10 za tundu la printa, na mashine ikajitumia ishara yenyewe. Mwanafunzi hahitaji kifaa cha ghali. Kisha kazi yagawanywa. Sehemu ya kwanza huhifadhi saa ya tukio na kuondoka. Ya pili, baadaye, huigeuza saa hiyo kuwa maandishi. Sababu yaelezwa wazi: sehemu ya kwanza hairuhusiwi kulala ikingojea jambo, na ikikawia hukawiza na wengine.

Kasoro imo katika majina. Sehemu hizo zaitwa nusu ya juu na nusu ya chini, kana kwamba ni pande za mtungi. Kwa hakika hazitofautiani kwa mahali bali kwa wakati na uharaka. Wala si nusu, maana ya kwanza yapasa kuwa fupi mno. Jina lafunika kile ambacho maelezo yamekifunua.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Neno "katizo" lataja linaloipata prosesa, si linalotendwa na kifaa. Kifaa hupiga hodi. Prosesa humaliza kwanza agizo lililo mkononi, ndipo iitikie; na mlango waweza kufungwa kwa muda. Mwenyeji mwenye shughuli humkaribisha mgeni barazani, hupokea ujumbe, hurudi kazini. Shauri huzungumzwa baadaye. Mwanafunzi aliyeielewa hodi hatajaribu kumaliza shauri zima mlangoni.

Tashbihi hiyo ina mpaka. Mgeni asiyejibiwa hodi ya tatu hurudi kwao. Vifaa vingi huendelea kuita mpaka viitikiwe. Basi "katizo" na libaki istilahi, hodi iwe ufafanuzi wake, na zile nusu mbili ziitwe mapokezi na ukamilishaji.

Mwaka 2009, toleo la 2.6.30 la kiini cha Linux liliongeza njia ya kuukabidhi ukamilishaji kwa uzi wake wenyewe wa utendaji. Baadhi ya maagizo ya kitabu yamekwisha kupitwa na wakati, lakini mgawanyo wa kazi ungalipo. Istilahi iliyojengwa juu ya mgawanyo huo itadumu. Iliyonakili jina la kigeni itarithi na kosa lake.