Mlango wa Nyumba ya Tatu

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, mzee keshafika juu ya ngazi ya tangi. Anatunza nyumba ndogo nne za wageni nje ya mji wa Kitengela, upande unaotazama Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wageni wa jana wameondoka, wengine wanaingia jioni. Nimemwomba nishinde naye, akakubali mradi nisimharakishe.

Anaanza na maji. Ya kisima hapa yana chumvi, na sehemu nyingi za Kajiado yana floridi pia, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kwa hiyo ya kunywa hununuliwa kwa mitungi ya lita 20, na ya kisima hubaki ya kuoga na kufulia. Mzee analiinua boya la tangi, analiachia, anainamisha sikio. Analiinua tena. Likishuka bila kukwaruza, anafunika tangi na kuteremka.

Bafuni anazima swichi kubwa kwanza, kisha anagusa nyaya kwa testa, ingawa amekwisha kuzima. Shawa hii ya umeme ni ile inayouzwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Koili ya shawa ya kawaida ingeliwa upesi. Uso wa shawa aliufungua jana usiku akauloweka katika siki, na gamba jeupe limelainika kama uji uliopoa. Sasa anashika sindano. Anazibua tundu moja, anahamia la pili, safu baada ya safu, bila kuruka hata lile linaloonekana safi.

"Ukisukuma kwa nguvu, mwanangu, unapanua tundu. Maji yatapinda."

Anazungusha tepu nyeupe mara tano, kwa upande uleule shawa inakokazwa, ili isikunjuke anapoifunga. Mwisho anafungua maji yatiririke baridi kwa muda kabla ya kurudisha umeme. Koili ikipata moto bila maji huungua pale pale.

Lakini kazi niliyoijia mimi ni mlango wa nyumba ya tatu. Ni Novemba, mvua ya vuli imenyesha wiki nzima, na mlango unakwama juu, pembeni mwa kitasa. Udongo mweusi wa Kitengela hupasuka wakati wa kiangazi nyufa za kutosha mkono, na mvua ikija hunywa na kuvimba. Nyumba iliyojengwa juu yake hupanda na kushuka nao. Juu ya dirisha kuna ufa mwembamba, na mzee ameugandishia kipande cha kioo kwa plasta, upande huu na upande ule. Kioo kikivunjika, ajue ufa unatembea. Ukingoni mwa Mbuga ya Nairobi, karakana aliyoianzisha msanii Nani Croze hugeuza vioo chakavu kuwa vitu vya kupendeza. Mzee amekipa chake kazi ya ulinzi. Anakitazama kwa karibu, anapitisha ukucha. Kizima.

Anapaka chaki kwenye fremu, anafunga mlango taratibu, anaufungua. Alama nyeupe imebaki kwenye ubao, ndefu kama kidole. Hapo ndipo panapokwama, wala si pengine. Anautegea mlango kabari chini usitikisike, anapima ulimi wa randa kwa kidole gumba, anapiga kutoka pembeni kuelekea ndani ili ubao usichanike. Linatoka ganda moja jembamba, linalopitisha mwanga. Anapaka chaki tena. Anafunga, anafungua, anatazama. Mara nne namwona akirudia hivyo, na kila mara alama inafupika. Mara ya tano mlango unafungika, ila bado unagusa kidogo, na yeye anaiweka randa chini.

Namuuliza kwa nini asiumalize. Anatingisha kichwa. "Ubao huu umelewa maji. Nikiulegeza leo, Januari utanywea, na vumbi lote la kiangazi litapita hapa."

Sijawahi kumwona fundi anayejizuia kwa utulivu namna hii. Wengi wetu tungepiga randa mpaka mlango ucheze, tukajisifu. Anasugua ukingo kwa msasa, anaufuta kwa kitambaa, kisha anapaka vanishi pale palipobaki patupu, maana ubao ulioachwa wazi utakunywa mvua ya kesho. Mlango unaachwa wazi hadi alasiri.

Yaliyobaki yanakwenda haraka: majani yanatolewa kwenye gata, bawaba zinatiwa mafuta, paneli za sola zinafutwa.

Magharibi gari linaingia. Mama mmoja na watoto wawili wanapewa nyumba ya tatu, na mtoto mdogo ndiye anayefunga mlango, kwa mkono mmoja. Mzee ameketi jikoni na daftari la shule. Ameandika tarehe, na chini yake: "Na. 3, mlango, nimeondoa kidogo. Kioo kizima. Nitazame Januari."