Lipa Umeme, Lipa na Paa

Kati ya vifupisho vyote ambavyo mashirika yetu ya umma yametuzoesha, sijaona kilichobuniwa vizuri kama LUKU. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Ni maneno manne tu ya Kiswahili, lakini ndani yake mna mkataba mzima. Ukitumia kidogo utalipa kidogo, ukitumia mwingi utalipa zaidi, usipotumia, hudaiwi. Mita hizi zilipoanza kuenea mijini katika miaka ya 1990, wengi waliokuwa wamechoshwa na ankara za kukadiriwa walishukuru. Kabla ya hapo, msoma mita akikuta mlango umefungwa aliandika namba iliyompendeza, na mwisho wa mwezi mtu akaletewa deni la friji asiyokuwa nayo. LUKU iliukomesha ugomvi huo.

Naandika kudai kwamba mkataba ule umevunjwa. Tena uvunjaji wenyewe unatufundisha jambo kubwa kuliko umeme: sheria ikishaingizwa ndani ya mashine, huacha kumtafuta mwenye deni na huanza kumkamata aliye karibu.

Tuanze na mambo yenyewe yalivyo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha iliyofungua njia ya kodi ya majengo kukusanywa kupitia ununuzi wa umeme, na utaratibu huo ulianza Agosti mwaka huo huo. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na ya ghorofa shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Kuanzia Julai 2023 viwango vikapanda, vikawa shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Fedha hizo hukatwa pale unaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi. Usiponunua mwezi huu, deni halifi. Linakusubiri mwezi ujao likiwa na mwenzake.

Najua yuko msomaji atakayeuliza: shilingi 1,500 ni kitu gani hata mtu apoteze wino? Nauli ya daladala kwenda na kurudi nayo inakaribia hapo. Msomaji huyo namwomba avumilie, anifuate mpaka Tandika au Mwananyamala, tuitazame nyumba moja ya Kiswahili.

Nyumba hiyo sote tunaijua. Ina ukumbi mrefu katikati na vyumba vitatu kila upande. Uani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia. Wapangaji ni sita, mita ni moja. Mwenye nyumba haishi hapo. Amejenga Chanika au Kigamboni, naye huonekana mara mbili kwa mwaka, siku ya kuchukua kodi. Umeme hununuliwa kwa zamu. Leo chumba cha kwanza kinatoa shilingi 2,000, umeme ukiisha chumba cha pili kinatoa, na kadhalika mpaka zamu imrudie yule wa kwanza. Ni utaratibu wa haki kwa kadiri ya uwezo wao, ingawa hawakosekani wa kunung'unika kwamba fulani ana pasi na fulani ana jiko la umeme la siri.

Sasa ingiza kodi ya jengo katika zamu hiyo. Anayeangukiwa na zamu tarehe 1 anatoa shilingi 2,000 zake kama kawaida. Kati ya hizo, 1,500 zinakwenda kwenye kodi ya nyumba isiyo yake, na 500 ndizo zinazonunua umeme. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyotangazwa mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida, ukiongeza na kodi na tozo nyingine zinazopanda juu yake, 500 hiyo haifikishi hata uniti mbili. Jioni taa zinazimika, na wenzake wanamwuliza pesa amepeleka wapi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za namna hii mwezi unapoandama kila mtu huwa hana fedha. Tarehe 1 mnakaa gizani, mnasikilizana ni nani atakayechoka kwanza. Nimekaa katika nyumba za vyumba, na ninavyojua mimi, ndoo ya maji tu inatosha kuwagombanisha watu wazima. Hawakuhitaji kuongezewa sababu nyingine na Bunge.

Tena kuna dhihaka juu ya dhihaka. Mwaka huo wa 2016 mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti. Kila mmoja wa wapangaji wetu sita ni mtumiaji mdogo: taa moja, redio, chaji ya simu, labda na feni. Lakini mita haihesabu watu, inahesabu umeme. Ikiwajumlisha wote sita inawaona kuwa ni mtumiaji mmoja mkubwa, nao wanaikosa ile bei ya wanyonge. Mita hiyo hiyo, ikifika zamu ya kodi ya jengo, haimwoni kabisa yule mmoja aliye tajiri kuliko wote, yaani mwenye nyumba. Maskini sita wanaonekana kuwa mtu mmoja mwenye uwezo, na mwenye mali haonekani kamwe.

Kiswahili chetu nacho kina lawama kidogo hapa. Tuna neno moja, kodi, kwa vitu viwili. Anachotoa mpangaji kwa mwenye nyumba ni kodi, na anachotoa mwenye nyumba kwa serikali ni kodi vilevile. Kwa miaka yote maneno hayo hayakugongana, kwa kuwa kila kodi ilikuwa na njia yake: ya kwanza ilitoka chumbani kwenda kwa mwenye nyumba, ya pili ilitoka kwa mwenye nyumba kwenda ofisini. Sasa zote mbili zinatoka chumbani. Mpangaji analipa kodi ya kukaa, kisha analipa kodi ya kumiliki. Ila kumiliki kwenyewe hakumhusu hata msumari mmoja.

Malalamiko yalipozuka mwaka 2021, maelezo yaliyotolewa ni kwamba kodi hii ni ya mwenye nyumba, na mpangaji aliyekatwa apatane na mwenye nyumba wake ili arudishiwe. Maelezo hayo ni sahihi kwa karatasi. Lakini hebu tujiulize, wapatane wapi, na mbele ya nani? Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza yake, ambako mpangaji aliweza kwenda kusimama mbele ya mtu na kueleza shida yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, mapatano ya mpangaji na mwenye nyumba ni mapatano ya kuku na mwewe. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, mpangaji akisema, "Shikamoo mzee, naomba nikate zile elfu tisa zilizoondoka kwenye LUKU," anajibiwa, "Marahaba mwanangu, kama nyumba imekushinda wapo wengine wanaoitaka." Mazungumzo yanaishia hapo. Yule mpangaji hatakwenda mahakamani kudai shilingi 9,000, maana nauli ya kufuatilia kesi itazimeza zote.

Nisije nikaonekana mtu wa kuchukia mashine. Ninazikumbuka njia nyingine za kukusanya kodi, na sizitamani zirudi. Wajerumani walipoanzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, walihesabu vibanda kwa sababu kibanda hakina miguu ya kukimbilia. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, na katika uhuru wetu wenyewe tukawa na kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003. Waliokuwa vijana siku hizo wanakumbuka jinsi mgambo walivyoweza kutokea njiani na kuuliza stakabadhi, na jinsi kundi zima lilivyoweza kuruka ukuta. Mita ya LUKU haimpigi mtu virungu na wala haiombi chai. Inakata kiasi kile kile kwa wote, na fedha zinafika. Serikali inayotaka barabara, shule na zahanati lazima ikusanye kodi, na mwenye nyumba anayepokea pango bila kutoa chochote kwa mji naye si mtu wa kutetewa.

Lakini tazama: hata mkoloni, pamoja na ukatili wake, alimtafuta mwenye kibanda. Alikuwa na jumbe au akida wa kumwuliza, "Hiki ni cha nani?" Swali hilo dogo ndilo mashine haijui kuliuliza. Yenyewe inajua namba ya mita tu. Kwa hiyo kazi ya kuuliza na kujibu imehamishiwa kwa raia. Mwenye mita mbili katika nyumba moja atoke yeye akaeleze kwamba nyumba ni moja. Mpangaji mpya akikuta nyumba ilikaa tupu miezi minne, manunuzi yake ya kwanza yanabeba deni la miezi ambayo hata mtaa huo alikuwa haujui. Zamani aliyedai ndiye aliyethibitisha. Siku hizi unakatwa kwanza, kisha unatafuta ushahidi kwamba hukustahili kukatwa.

Linaloniuma zaidi ni la wazee. Sheria ina huruma nao: mzee aliyetimiza miaka 60 na asiye na kipato husamehewa kodi kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Lakini msamaha huo haumfuati. Yeye ndiye anayetakiwa kuufuata, na barua, na foleni, na njoo kesho. Sasa fikiri kidogo. Namba ya kitambulisho cha taifa huanza na tarakimu nane ambazo si kingine ila mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwaka 2019 tuliambiwa tusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba hiyo hiyo, na ilipopita Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Mashine zilijua kabisa nani ni nani siku ya kuzima. Bibi wa Mtoni ananunua umeme kwa simu iliyosajiliwa kwa kidole chake, kwa namba inayotaja siku aliyozaliwa, halafu anaambiwa haijulikani kama ametimiza miaka 60.

Wala tusiambiwe kwamba nyumba hazifikiki. Novemba 24, 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya hesabu ya muda iliyokuwa ndani ya mita za namna hii duniani, na wateja wa nchi nzima walitakiwa kuingiza tarakimu za ziada ili mita zao ziendelee kupokea umeme. Tulifikiwa wote, Mbagala hata Bunju. Tuliminya vitufe, tukarudia, mita zikakubali. Penye nia ya kuifikia kila nyumba, njia imepatikana. Kumbe tatizo si uwezo wa mashine. Tatizo ni kile tulichoamua kwamba mashine ikijue, na kile tulichoona si lazima ikijue.

Na tukiwa hapo hapo, tukitazame kiwango chenyewe. Shilingi 1,500 ni ya nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa. Basi jumba la chini lenye bustani na bwawa la kuogelea kule Oysterbay ni nyumba ya kawaida, na ile ya vyumba sita ya Tandika yenye bati lililotoboka nayo ni nyumba ya kawaida. Zote mbili 18,000 kwa mwaka. Mashine imepewa hesabu nyepesi kwa sababu hesabu nyepesi ndiyo inayoiweza, kisha tukauita wepesi huo usawa.

Sidai makubwa. La kwanza, ujumbe wa simu unaoleta tarakimu za umeme na kuonyesha makato ya kodi ya jengo utambuliwe na sheria kuwa ni stakabadhi ya pango, ili mpangaji aupunguze kwenye kodi yake bila kuomba radhi kwa mtu. La pili, msamaha wa wazee utolewe na mashine ile ile inayokata, siku mzee anapotimiza umri, bila yeye kupanda daladala. La tatu, virudi vibaraza vya karibu, hata katika ofisi ya mtaa, ambapo shauri la shilingi 9,000 laweza kusikilizwa kwa mchana mmoja. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji chombo kipya kutoka ng'ambo.

Na kama hayo yote ni mazito, basi tufanye jambo moja la uungwana: tulibadilishe jina. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo ni ahadi, na ahadi ikishavunjwa haipendezi kuendelea kubandikwa ukutani mwa nyumba ya mtu. Paa halitumiwi kwa uniti. Aliyelala chini yake kwa kupanga hakulijenga wala hataliuza, na siku akifukuzwa ataondoka na godoro lake tu. Lakini kwa miezi yote aliyokaa hapo, ndiye aliyelilipia kodi.