Hesabu ya Kipande cha Sabuni

Mpishi wa mchuzi ana ruhusa ya kuonja. Chumvi ikipungua ataongeza, ikizidi atatia tui, na wageni hawatajua. Fundi wa sabuni hana ruhusa hiyo. Kostiki soda ikishaingia kwenye mafuta, hakuna kijiko kitakachomwambia kama amepatia. Uamuzi wote mzito ameshaufanya mapema, kwenye daftari, kabla hajashika ndoo. Ndiyo maana nikikuta sabuni nzuri ya nyumbani, iliyokaza na isiyokwaruza ngozi, kwanza namsifu aliyepiga hesabu yake.

Kila mafuta yana namba yake. Gramu moja ya mafuta ya nazi hutaka gramu 0.183 za kostiki ili igeuke sabuni yote. Mawese hutaka 0.141, alizeti 0.135 hivi. Asidi za mafuta hukaa tatutatu zikiwa zimeshikana na gliserini. Kostiki huzibandua, kila asidi ikachukua sehemu yake, na gliserini ikabaki humohumo ikilainisha ngozi. Asidi za nazi ni fupi, kwa hiyo ndani ya uzito uleule zimo nyingi zaidi, na zote zinadai. Watu walipika sabuni kwa majivu karne nyingi wakipima kwa mazoea tu, hadi Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipochapisha utafiti wake juu ya mafuta ya wanyama mwaka 1823 na kueleza hasa kinachotokea chunguni.

Tuchukue nusu kilo ya nazi na nusu kilo ya mawese. Nazi itadai gramu 91.5, mawese 70.5, jumla 162. Hapo anayeanza angepima 162 na kuendelea. Fundi anapunguza asilimia 5, anabaki na 154 hivi. Punguzo hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Mafuta ya msimu huu hayalingani sawasawa na ya msimu uliopita, na mizani ya dukani ina udhaifu wake. Fundi anakubali kuacha mafuta kidogo yasiyogeuka, ili kasoro yoyote iangukie kwenye mafuta na isiangukie kwenye ngozi ya mtoto atakayeogeshwa. Sabuni ya nazi tupu, ambayo hukausha sana ngozi, wengi huipunguzia hadi asilimia 20.

Yote haya ni kwa uzito. Lita moja ya mafuta ya nazi ina gramu 920 hivi, haifiki kilo. Anayehesabu lita kuwa kilo atapata gramu 183 za kostiki, atatoa asilimia 5 zake, atabaki na karibu 174, na moyo wake utatulia. Lakini mafuta aliyonayo yanaweza kumeza 168 tu. Gramu tano na ushei zitabaki ndani ya sabuni zikisubiri mkono wa mtu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja inamwepusha na hilo kabisa.

Kuchanganya kwenyewe kuna adabu yake: glavu, miwani, mahali penye hewa, na kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, maana joto hupanda ghafla na kurusha. Sufuria ya aluminiamu haifai, kostiki huila. Ndoo ngumu ya plastiki inatosha.

Uchaguzi wa mafuta ndio unaoonyesha ladha ya fundi. Nazi huleta povu jingi, hata kwenye maji ya bahari. Mawese hukaza kipande kisiishe upesi. Kigoma wanatumia mise, mafuta ya kiini cha mchikichi, ambayo tabia yake inakaribia nazi na namba yake ni 0.176. Anayekosa nazi sokoni akaweka mise lazima arudi kwenye daftari. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa kilo kumi ni gramu 70 za kostiki. Mafuta ya karafuu nayo yana ukali wa namna nyingine: yakitiwa, rojo huweza kukaza ghafla ndoo ikiwa bado mkononi. Anayeijua karafuu huitia mwisho kabisa, kidogo, na vibao vyake vikiwa tayari vimetandikwa.

Baada ya kukatwa, miche hupangwa kwa nafasi mahali penye upepo, wiki nne hadi sita. Maji yanatoka polepole. Baadhi ya mafundi hupima kipande kilekile kila wiki na kuandika uzito pembeni ya hesabu ya awali, na miche haiendi sokoni mpaka namba hiyo iache kushuka.